Katekista Asiyelala Ugenini

Ukimwambia Katekista "karibu ukae," anakujibu "nimeshakaa," na hapo bado kashika usukani wa baiskeli, mguu mmoja uko juu ya pedeli. Mie mtoto wa kike nimelelewa Muheza, ambako mgeni akikataa mkeka wako utashinda unajiuliza umemkosea nini, kwa hiyo mwanzoni nilichukia. Nikajiambia huyu ananibagua kwa kuwa mie Mwislamu na yeye mtu wa kanisa. Kumbe wapi! Hata paroko alikuwa akitaka kuongea naye lazima amfuate kwa nyuma uani, kama mtu anayejaribu kumfunga mbuzi kamba.

Tulikuwa majirani Kibondo. Nyumba ya walimu niliyopangiwa ilipakana na migomba yake, na kati yetu hapakuwa na ukuta wala ua, palikuwa na njia tu, na njia hiyo aliichonga yeye kwa kupita. Asubuhi anapita kwenda kanisa la kigango, mchana anapita kwenda shamba, alasiri anapita kuniuliza kama nimesikia habari ambayo mimi nilikuwa bado sijaisikia. Mikono yake nayo haikutulia. Akisimama kwenye mlango wangu kunisalimu, salamu ikiisha utakuta kakaza komeo, kachomoa msumari uliopinda, na kanung'unika kwamba walimu wa kutoka mbali wanaishi kama wasafiri.

"Na wewe je, Katekista? Mbona hutulii?"

"Oya, hapana, Mwalimu. Mimi nimetulia. Ni dunia inayonisumbua."

Alikuwa na msemo wa kwao, alikuwa akiutoa hata anapotumwa chumvi dukani: *akanyoni katagurutse ntikamenya iyo bweze*, yaani kanyoni kasikoruka hakajui mtama umeiva wapi. Alikuwa anausema haraka, keshapanda baiskeli, kwa hiyo nusu ya kwanza unaisikia mlangoni na nusu ya pili unaisikia barabarani. Na kweli alijua mtama ulipoiva. Alijua asali nzuri iko kilima gani, nani kajifungua, nani kagombana na mkwewe, mto upi umejaa. Watu walimtuma dawa, mbegu, salamu za harusi na za msiba. Alilalamika kwamba wamemfanya punda. Lakini pita wewe mbele yake na kimzigo chako, umpe dereva wa basi akupelekee badala yake, uone atakavyonuna wiki nzima.

Alihubiri uvumilivu. Sijui kwa nini alipenda sana somo hilo, maana hakuwa nalo hata chembe. Watoto wa mafundisho ya ubatizo walikuwa wanamfuata kwa macho akizunguka darasa mpaka shingo zinawauma. Jumapili ambayo padri hakufika, yeye aliongoza ibada, na mahubiri yake yalikuwa mafupi kuliko matangazo. Wazee walimpenda kwa hilo. Akinamama walisema neno la Mungu analimwaga kama maji ya kuoshea miguu.

Ajabu moja inanichekesha mpaka leo. Mtu huyu asiyetulia alikuwa akifika kwenye mteremko anashuka kwenye baiskeli, anaikokota kwa miguu mpaka chini. Akifika kwenye mlima, anapanda na kuanza kukanyaga, jasho linamtiririka, vijana wa bodaboda wanampita wakimzomea. Kila mwenye baiskeli Kigoma nzima anafanya kinyume chake. Nilipomuuliza, alinijibu kama ananifundisha katekisimu: "Kupanda ni kazi yangu. Kushuka ni kazi ya shetani."

Lakini jambo lililomfanya azungumzwe kuanzia Kumsenga mpaka Kasulu lilikuwa jingine. Katekista hakuwahi kulala nje ya nyumba yake. Hata usiku mmoja. Aende mbali vipi, jua likianza kuinama utamwona anahangaika, anatazama barabara, anakata maneno ya watu katikati. Wenyewe walikuwa wanasema ukitaka kujua kama kumekucha au kumekuchwa, tazama baiskeli ya Katekista imeelekea wapi.

Harusi moja ya Kumsenga yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wa bwana harusi. Kwa desturi ya huku, msemaji halali kwake siku hiyo. Analala ugenini, asubuhi wenyeji wanamsindikiza na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, ndipo ndoa inahesabiwa imepokelewa. Mvua ikapiga tangu mchana. Katekista alisema maneno yake vizuri sana, watu wakapiga vigelegele, halafu wakati wa kula akatoweka. Alifika kwake baiskeli ikiwa begani, matope mpaka kwenye nyusi. Wale wakwe walikasirika mpaka wazee wengine wawili wakatumwa kwenda kulala kwa niaba yake. Fikiria, mtu mzima kulaliwa usingizi na wenzake!

Mwaka mwingine makatekista wote waliitwa semina Kasulu, vitanda vipo, chakula kipo. Yeye alikwenda na basi la alfajiri na kurudi na basi la jioni kila siku ya semina. Wenzake walimwambia ana wivu na mkewe. Vijana walisema kafukia dawa chini ya kitanda, asipoilalia inakufa. Mie nilikwenda kumuuliza mkewe, mama mpole, mzito wa maneno, aliyekuwa akichambua maharage. Hakuinua hata kichwa.

"Muulize mwenye miguu," akasema.

Nilimuuliza mwenye miguu. Akaniambia kuku wake wanamhitaji.

Ninalojua, na wote tulilijua ingawa yeye hakulisema, ni kwamba familia yao ilitoka Burundi, ikakaa kambini miaka na miaka, na baadaye wakapata uraia, wakapata shamba, wakajenga. Wako wengi wa namna hiyo huku, wanalima, wanauza, wanapiga kura, na huwezi kuwatofautisha na Waha wenyewe maana hata lugha zao ni mapacha. Wengine ukikaa nao watakusimulia kambi mpaka usinzie. Katekista, aliyekuwa na habari za kila mtu, habari hiyo moja hakuwa nayo.

Sasa nimfikie Sesilia, maana bila yeye nisingekuwa na la kusimulia.

Sesilia ni kitinda mimba wake, amezaliwa hapahapa, chini ya bati. Nilimfundisha Jiografia. Mtoto huyu baba yake alikuwa akimpeleka shule kwenye keria ya baiskeli, na kwa kuwa mzee alipanda milima kwa kukanyaga, mtoto alimwonea huruma, akawa anaruka chini kila wanapofika kwenye kupanda na kukimbia pembeni. Baada ya muda akawa anamwacha baba nyuma. Nimewaona kwa macho yangu asubuhi nyingi: binti yuko mbele na begi linampigapiga mgongoni, mzee yuko nyuma anakanyaga na kupiga kelele, "Yemwe, jamani! Polepole, utaniaibisha kwa watu!" huku anacheka mpaka baiskeli inayumba. Hakuna saa nyingine niliyomwona mtu huyo ana furaha kama saa hiyo.

Alipoanza kushinda mbio za shule, baadhi ya akinamama wa kanisani walilalamika juu ya kaptura. Mtoto wa Katekista, mapaja nje! Jumapili iliyofuata Katekista alisimama mbele, mahubiri yakiwa mafupi kuliko kawaida: "Anayetazama mapaja badala ya mbio, akaungame. Tusimame tusali." Sesilia hakuwapo siku hiyo, alikuwa keshahamia Kasulu kufanya mazoezi na wenzake. Wala hakuna aliyemsimulia. Mambo mazuri huku hayasafiri kama mabaya.

Kila kiangazi kuna mbio za mlimani huko juu ya Buhigwe. Wakimbiaji wanaanzia bondeni asubuhi, wanapanda mpaka kileleni, mahali ambapo kukiwa hakuna ukungu unaiona Burundi yote imelala mbele yako. Ndugu za wakimbiaji hupanda tangu jana yake, wakalala kulekule juu kwenye baridi, ili mkimbiaji wao akifika wamfunike kitenge mabegani kabla jasho halijamgandia. Ndiyo heshima yenyewe. Nafasi ya kwanza, ya pili, hayo yanafuata. Watu watakuuliza kwanza: nani alikufunika?

Mwaka wa kwanza Sesilia alimwomba baba yake kitu kimoja tu. "Nikifika juu, nikukute."

Basi tukaanza kupanga. Tulikuwa watatu: mimi, Katekista, na mwalimu wa michezo, kijana wa Dodoma, mpenda mizaha, ambaye ndiye aliyenifundisha baiskeli nikiwa na umri wa kuona aibu. Tulikubaliana kwenda kwa baiskeli, na mahema, tulale njiani Kitanga, kesho yake tupite Kasulu tupande mpaka mlimani. Mwalimu wa michezo alileta ramani ya kwenye simu. Katekista alivunja kijiti, akachora uani kwangu: hapa maji, hapa ndizi rahisi, hapa mbwa wakali, hapa mlima mtamu. Mlima mtamu! Kila jioni alikuja akafuta kwa mguu akachora upya. Alitushinda wote kwa hamu. Wallahi, nilidhani ataondoka peke yake usiku.

Tuliondoka. Tulipokaribia Kitanga jua likiinama, akasema cheni yake inalegea. Mwalimu wa michezo akaitazama, akasema mbona nzima. Katekista akasema yeye ndiye anayeisikia. Akageuza akarudi. Kilichofanyika kileleni nimekiona: Sesilia alifika wa sita, akageuza shingo huku na huku, mwishowe mwalimu wa michezo akavua jaketi lake akamfunika nalo. Jaketi la mwalimu! Watu walitazama pembeni kwa aibu ya mtoto.

Mwaka wa pili alipanga tena, kwa kijiti kilekile karibu niseme, na mahali palepale akashikwa na homa. Nikamwambia, "Katekista, malaria gani hii inayoweza kukanyaga baiskeli mpaka Kibondo?" Akaniambia nimwombee. Mara hiyo Sesilia hakugeuza shingo alipofika. Alijua. Aliniambia wakati tunashuka, "Mwalimu, baba ananionea aibu. Ni zile kaptura." Nikamwambia si kweli, akaniuliza basi ni nini.

Mwaka wa tatu alinipigia simu. "Mwambie baba namwomba kwa mara ya mwisho. Asipokuja sitamchukia. Ila sitamwomba tena kitu." Sauti ilikuwa kavu. Siku mbili tatu baadaye basi likaleta furushi: hema. Alikuwa amemshoneshea baba yake hema zuri, lenye mlango wa zipu, kwa fundi wa sokoni Kasulu. Alikuwa amesikia kwamba kileleni baba ataumwa mgongo na baridi, akadhani labda ndiyo sababu. Na kwa kuwa alitaka kitu imara kisichopitisha maji, alinunua shitingi.

Shitingi ni yale maturubai meupe ya kambini. Huku yamejaa kila soko. Watu wanaanikia mihogo, wanaezekea vibanda vya chips, wanafunika matofali. Mimi mwenyewe nilikuwa nalo moja juu ya kuni. Ni kitu cha kawaida kabisa, ndiyo maana hakuna aliyefikiri mara mbili, na Sesilia hakuwa na sababu ya kufikiri hata mara moja.

Katekista alilifungua mbele yetu. Akalishika kwa vidole, akalinusa. Mikono ile isiyotulia ikasimama. Halafu akalikunja taratibu, akalichukua mpaka nyuma ya nyumba, na kesho yake nikalikuta limetandikwa, lina mihogo juu.

Nilipandisha hasira zote za Tanga. Nilimkuta njiani anakokota baiskeli nikamshika usukani. "Una roho ya jiwe wewe! Mtoto kakushonea hema, unaanikia mihogo? Unajua mama yake kamwambia? Unajua analia?"

Aliniangalia. "Mwalimu, wewe maisha yako yote umelala wapi?"

"Nyumbani, na nyumba za serikali. Kwa nini?"

"Basi." Akautoa mkono wangu kwenye usukani, polepole, bila hasira, akaenda zake.

Siku ya kuondoka sikumngoja. Nilikuwa nafunga mzigo na mwalimu wa michezo, giza halijatoka vizuri, tukasikia ile kengele yake ya baiskeli. Kavaa koti la ibada. Kwenye keria kuna furushi la unga wa muhogo kutoka kwa mkewe, kitenge kipya, na lile hema limefungwa kwa mpira.

"Twende," akasema, "kabla sijafikiri."

Safari ile ilinichosha mwili na moyo. Tulikuwa tunapanda naye tukikimbizana, tunashuka tukimsubiri. Kila jua likisogea nilikuwa namtazama yeye badala ya barabara. Karibu na Kitanga alianza kutazama nyuma. Mwalimu wa michezo akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mzee anataka kusepa." Hakusepa. Tulipiga mahema yetu kwenye uwanja wa kigango, yeye akaegemeza baiskeli ukutani akakaa kwenye ngazi, na tulipoamka tulimkuta palepale, macho mekundu, anakaza spoki za baiskeli yangu ambazo hazikuwa zimelegea. Nikamuuliza kama amelala. "Nimeshalala," akasema, kwa ile sauti yake ya nimeshakaa.

Alasiri ya pili tulikuwa kileleni. Familia nyingine zilikuwa zimeshajaa, moshi kila mahali, watoto wanakimbia. Sesilia alipanda kutoka bondeni kuja kutusalimu. Alipomwona baba yake, alikimbia hatua chache, akasimama. Ameliona hema. Bado limefungwa kwenye keria, na mzee amesimama kashika usukani kama mtu anayeondoka.

"Hulitaki," Sesilia akasema.

"Nimelileta."

"Umelibeba tu. Baba, niambie ukweli mbele ya walimu wangu. Unanionea aibu?"

Sikuwahi kumwona mzee akipigwa na neno namna ile. Akaachia usukani. Baiskeli ikaanguka, hakuiokota.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa lugha yao. "Mimi nimekulia ndani ya kitu hiki. Nimeolea ndani yake. Upepo ukikipiga kinasema pwa, pwa, usiku kucha, na wewe uliye ndani unasubiri. Labda kesho watasoma majina. Labda kesho mtahamishwa. Siku niliyoezeka bati nilimwambia Mungu sitalala tena mahali ambapo mtu anaweza kuniambia inuka. Nikiwa mbali na lile bati jioni, moyo unanienda mbio. Naona kama nikirudi sitalikuta. Ni ujinga, najua. Nina hati, nina shamba. Lakini moyo hausomi hati."

Sesilia alikuwa analia waziwazi. "Mbona hukuniambia? Mimi nikakushonea hilohilo!"

"Nikuambie nini? Wewe ulizaliwa chini ya bati. Nilitaka usijue hata harufu yake."

Mwalimu wa michezo, kijana wa mizaha, akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Mie nikafuta uso kwa mtandio, sikujali nani ananiona.

Nilidhani Sesilia atamwambia baba arudi, au walichome lile turubai. Badala yake alifuta pua kwa mkono, akalifungua lile hema, akamwita mwalimu wa michezo amsaidie kulisimamisha. Halafu akamgeukia mzee. "Baba, kwetu nyumba ikijengwa inafanywaje?"

"Inaingiwa," Katekista akasema.

"Na zile za kambini, ziliingiwa?"

Mzee akafikiri. "Oya. Nani aingie nyumba ya kusubiria?"

Niliwahi kualikwa mara kadhaa kwenye kuingia nyumba, kwa hiyo nilielewa kabla hajaomba furushi la unga. Katika vilima hivi nyumba mpya hailaliwi hivihivi. Chungu cha kwanza kinapikwa mlangoni kwa unga wa nyumbani, watu wote waliopo wanaingia wakala ndani hata kama watabanana, na mtoto wa mwisho ndiye anayemkaribisha mwenye nyumba. Katekista mwenyewe alishaombea nyumba zisizo na idadi namna hiyo. Sesilia akasonga bugali mbele ya hema, juu ya mawe, akaomba dagaa kwa familia ya jirani. Akaingia. Akaniita nikaingia, akamwita mwalimu wa michezo, ambaye miguu ilibaki nje. Halafu akatoa kichwa kwenye zipu, akasema kwa Kirundi, halafu kwa Kiswahili ili na sisi tuwe mashahidi: "Karibu kwako, baba."

Alisimama pale nje nikahesabu pumzi zangu. Kisha akainama, akaingia, akakaa. Naapa alikaa chini kabisa, miguu ameikunja. Alimega tonge moja, akalila. Upepo ukapiga, pwa, na sote tukamtazama. Akatafuna mpaka akamaliza.

"Nimeingia," akasema akitoka. "Kulala ni habari nyingine."

Sesilia alicheka, akambusu mkono, akakimbia kurudi bondeni kabla giza halijamkuta.

Nilipoamka kuswali alfajiri, Katekista alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu na hema lake, kitenge kiko mapajani, umande kichwani. Usiku wa pili huo. "Sijalala," akaniambia, "lakini sikukimbia pia." Nikamwambia amefanya vya kutosha. Akapiga mwayo mkubwa, akalitazama hema muda mrefu. "Ninyooshe mgongo kidogo tu, Mwalimu. Wakianza, niite."

Akaingia na kitenge chake, akavuta zipu.

Nilimwita. Filimbi ilipolia bondeni nilimwita, mwalimu wa michezo naye akamwita. Tukasikia kukoroma. Nikafungua zipu nikamtikisa mguu, akageuka upande wa pili. Nikamtikisa tena, akavuta kitenge akajifunika kichwa. Watu walianza kushangilia, wa kwanza wanaonekana kwenye kona ya mwisho, mimi nahangaika kati ya hema na njia kama kuku anayetaka kutaga. "Mwache, Mwalimu," kijana akaniambia. "Huyu hajalala hivi tangu azaliwe."

Sesilia akatokea wa tatu. Alikuja anahema, uso unang'aa, akavuka mstari, akageuza shingo. Kushoto kwake msichana anafunikwa na shangazi zake, kulia mwingine anafunikwa. Yeye kasimama, mvuke unamtoka mabegani, hana kitu. Nilimwona uso ukianza kubadilika, nikamkimbilia.

"Ameondoka?"

"Hajaondoka. Yuko ndani. Amelala."

"Amelala?"

"Nimemtikisa mpaka nimechoka. Amelala, Sesilia. Anakoroma."

Alinitazama kama sijui kusema Kiswahili. Kisha akaenda mpaka kwenye hema, akapiga magoti kwenye majani yenye umande, akasogeza zipu kidogo tu. Mzee alikuwa kalala chali, mdomo wazi, viatu miguuni, mikono yote miwili imetulia kifuani juu ya kitenge. Mwalimu wa michezo alishaanza kuvua jaketi. Sesilia akamzuia kwa mkono, bila kugeuka.

Nadhani ni mwanga uliomsumbua. Kule ndani sauti nzito ya usingizi ikauliza, "Sesilia? Wameshaanza?"

Alikuwa bado anahema, jasho linamdondoka kidevuni, namba imemganda kifuani. Akafunga mdomo kwa kiganja mpaka pumzi ikatulia.

"Bado, baba," akasema. "Lala."